Skafoidi isiyounga: pandikizi la nyonga au la kigasha?

Skafoidi, kimfupa chenye umbo la korosho kilicho chini ya kidole gumba, hupata damu kutoka upande wa vidole kurudi nyuma. Kwa hiyo kikivunjika karibu na kigasha, kipande cha nyuma hukosa lishe na huenda kisiunge. Hapo mpasuaji hupandikiza penye ufa pandikizi, yaani kipande cha mfupa kilichochukuliwa nyonga au kwenye kigasha.

Mfupa wa nyonga hupatikana kwa wingi, ni imara, na huchongwa kama kabari ili kunyoosha skafoidi iliyopinda. Hapo sioni mshindani wake. Gharama yake ni kidonda cha pili, pale nyonga, ambacho siku za mwanzo huweza kumsumbua mgonjwa kuliko mkono wenyewe.

Pandikizi la kigasha, ambalo mpasuaji Zaidemberg na wenzake walilieleza mwaka 1991, huhamishwa likiwa na mshipa wake wa damu, nalo hufaa zaidi pale kipande cha nyuma kinapoelekea kufa. Nyonga haiguswi, lakini mshipa ni mwembamba na huweza kujikunja, na wapasuaji waliouzoea ni wachache, hivyo nauli nayo ihesabiwe.

Mvutaji sigara asitegemee mshipa pekee: moshi huchelewesha kuunga kwa njia zote mbili.