Stensili za keki kwa hela ndogo: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Jamani msimu wa sendoff na komunio ukifika kila mteja anakuja na picha kwenye simu, anataka keki yenye lesi pembeni au maua madogo madogo yaliyopangana kama vigae, na bajeti yake ni ile ile ya keki ya kawaida. Kuchora maua hayo kwa nozo (kile kimdomo cha mfuko wa krimu) ni masaa na mkono unauma, ila stensili, yaani kile kipande chembamba chenye maua yaliyotobolewa unachobandika kwenye keki na kupaka krimu juu yake, ikikaa vizuri ni dakika chache tu umemaliza. Ndo maana nawaandikia wenzangu mnaooka nyumbani, hasa mnaoanza, msiingie Kariakoo na hela yote mkarudi na mfuko wa vitu ambavyo vitalala kabatini.

Kabla hujanunua chochote chukua tepu ya fundi cherehani upime keki zako. Mzunguko wa keki ni upana wake mara 3.14, kwa hiyo keki ya inchi 6 inazungukwa na kama inchi 19, ya inchi 8 ni inchi 25, ya inchi 10 ni inchi 31 na kitu. Ukinunua stensili ya urefu wa inchi 12 kwenye keki ya inchi 8 utaibandika mara mbili na itabaki nafasi ya inchi moja hivi, hapo ndo unapafanya nyuma ya keki, unaweka riboni au ua la krimu na hakuna atakayejua. Kimo nacho usikisahau, keki ya inchi 4 kwenda juu ukiipaka kwa stensili ya inchi 2 itaonekana kama imevaa mkanda, kama hicho ndo unachotaka sawa, kama sicho tafuta yenye kimo kikubwa zaidi.

Haya, namba moja kwangu bila kusita ni stensili moja ya plastiki nyembamba ya pembeni. Moja tu, sio seti. Chagua ua la kawaida ambalo linaenda na harusi, besdei na Idi, maana utaitumia mpaka wateja wako wote waijue. Ukiwa dukani ishike uipinde taratibu, ikirudi yenyewe kama ilivyokuwa ni nzuri, ikiacha mstari mweupe pale ulipopinda achana nayo, hiyo itapasuka. Halafu iangalie kwenye mwanga, uone vile vijia vyembamba vinavyoshikilia maua yasidondoke, vikiwa vyembamba kama uzi vitakatika ukiosha mara mbili tatu. Na unene una maana yake, nene inaacha ua lililoinuka na nyembamba inaacha ua la juu juu, mimi kwa batakrimu (krimu ya siagi) napenda nyembamba kwa sababu inalala vizuri kwenye mviringo, ile nene inakataa kukumbatia keki na krimu inapenya chini yake.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri, stensili ya bei ghali haiwezi kuokoa keki ya moto. Kwa joto letu la Dar krimu ya siagi inalainika ukiwa bado unatafuta skrepa (kile kibao cha kulainishia krimu), sasa ukibandika plastiki juu yake ukiibandua inaondoka na ngozi yote ya keki. Ipake keki krimu laini iliyonyooka, iweke kwenye friji mpaka ukiigusa kwa kidole haibaki alama (mimi huwa naacha saa nzima), ndo ubandike stensili, upake krimu ya rangi nyingine kwa tabaka jembamba, upitishe skrepa, kisha uvute stensili moja kwa moja kuja kwako bila kuiteleza. Kama unahamisha upande wa pili futa kwanza stensili nyuma na mbele na urudishe keki kwenye baridi. Siku umeme unasumbua usimwahidi mtu stensili kwenye krimu, mpe fondanti (ile sukari ya kukandwa inayofunika keki kama ngozi) na aisingi ya royal (ya sukari na ute wa yai) nzito, iwe nzito kama dawa ya meno, ikiwa nyepesi inavuja chini ya ua.

Namba mbili ni kukata mwenyewe. Ile asetati (plastiki angavu) ya rola inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki, au mfuniko wa plastiki wa kopo la aiskrimu. Geuza mfuniko uangalie namba ndani ya pembetatu, 5 inafaa, 3 usiiguse kwa chakula. Chora kwa maka upande ambao haugusi keki, kata kwa kisu chenye wembe mpya. Hii ni nzuri sana kwa majina na HONGERA, sema herufi zenye tundu kama O, R na A uziachie vijia viwili, la sivyo katikati inadondoka na unabaki na shimo tupu. Maua ya lesi msijaribu kukata kwa mkono, mtapoteza usiku mzima.

Namba tatu doili za karatasi, yaani vile vikaratasi vyenye matundu kama lesi. Zinatumika mara moja tu lakini pakiti moja inakupa keki nyingi, weka juu ya keki kavu isiyo na krimu, chekecha kakao kwa chujio la chai, nyanyua kwa mikono miwili. Kakao inashinda aisingi shuga kwa sababu shuga ikikuta unyevu inayeyuka, ukipeleka keki ua limeshapotea. Kitambaa cha kufuma nacho kinafanya kazi hiyo hiyo, kiwe kipya, kimefuliwa na hakina wanga.

Namba nne ni zile seti za vipande vingi vidogo vya kupambia kahawa. Zinavutia kwa wingi wake ila kwenye keki ya inchi 8 ua moja katikati linaonekana kama limesahaulika, zinafaa keki za vikombe na biskuti tu.

Za chuma nimeweka mwisho, sio mbaya, zinakatwa safi na zinadumu, ila hazipindi, ni za juu ya keki peke yake na bei yake ungepata plastiki kadhaa.

Stikers za hina msiziweke kwenye keki hata kama ua lake ni zuri kiasi gani. Zile zina gundi ya kukaa kwenye ngozi, haijatengenezwa kwa chakula, na mteja wako anakula na watoto.

Ukishamaliza osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, sio ya moto, plastiki hizi zinajikunja kwenye maji ya moto na hazinyooki tena. Zikaushe zikiwa zimelala, zihifadhi katikati ya daftari kubwa.