Hita ya maji ya sola Njombe: bei ya dukani na bei ya juu ya bati

Hita ya sola ya lita 150, yenye mirija ya vioo, niliyoinunua Mbeya mjini na kufungiwa nyumbani Njombe, inafanya kazi iliyokusudiwa, ila bei iliyobandikwa dukani siyo utakayolipa. Shilingi 1,450,000 zilikuwa za tangi, mirija na stendi ya chuma tu. Bomba za maji ya moto, vali, usafiri na ufundi viliifikisha gharama karibu milioni 2, na hakuna aliyelitaja hilo mpaka fundi alipokuwa tayari juu ya bati. Muuzaji angeyaandika yote kwenye ankara ya awali, nisingekuwa na neno.

Ufungaji wenyewe ni mzuri. Fundi aliielekeza mirija kaskazini, kama inavyopasa kwetu kusini mwa ikweta, na akaongeza mbao chini ya stendi, kwa kuwa lita 150 za maji ni kilo 150 kabla hujahesabu tangi lenyewe.

Kuyapasha maji hayo kwa umeme kutoka nyuzi 15 hadi 50 hula yuniti 6 hivi, yaani zaidi ya shilingi 2,000 kwa anayelipa karibu shilingi 356 kwa yuniti. Hata hivyo, Juni na Julai, ukungu ukikaa mpaka mchana, maji huwa vuguvugu tu, na hapo huwasha elementi ya umeme iliyomo ndani ya tangi, ambayo kwa baridi ya huku haifai kuachwa hata kama inauzwa kando.