Darubini ya 10x50 Kwenye Anga la Dar: Inaweza Kutuonyesha Kundinyota la Mchongaji?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo mezani ninayo darubini ya macho mawili ya 10x50, zile nyeusi zenye mabega mapana ambazo ukizunguka kwenye maduka ya kamera Kariakoo hukosi kuziona. Chapa sitaitaja, kwa sababu umbo hili linatengenezwa na viwanda vingi na mambo ya kukagua ni yale yale. Wengi wananunua kwa ajili ya kwenda Mikumi kuangalia wanyama, na kazi hiyo inaifanya vizuri sana. Mimi nimeipa kazi ngumu zaidi: kutafuta kundinyota la Mchongaji, ambalo kwenye ramani za kimataifa limeandikwa Sculptor.

Kwa nini hilo? Kwa sababu mwezi unapendeza kwenye darubini yoyote, hata ya mtoto. Mchongaji hana nyota angavu hata moja. Iliyo kali kuliko zote, Alfa, ina mwangaza wa daraja la 4.3, na kwenye kipimo hiki namba ikipanda ndivyo mwanga unavyopungua. Kwenye giza safi jicho tupu linafika kama daraja la 6. Ukiwa Sinza au Magomeni, taa za mtaa zimeshaimeza hiyo 4.3 zamani. Kwa hiyo kundinyota hafifu ndilo linalokwambia ukweli kuhusu lenzi uliyouziwa.

Tuanze na namba. 10 ni mara ambazo kitu kinakuzwa, 50 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 50 kwa 10 unapata 5, na huo ndio upana, kwa milimita, wa mwali unaotoka nyuma kuingia kwenye jicho lako. Ipo pia ya 7x50 yenye mwali wa milimita 7, na mabaharia wanaipenda. Kwa Dar mimi nachagua 10x50 bila kusita. Anga letu lina mwanga mwingi wa jiji, na ukuzaji ukiongezeka usuli wa anga unakuwa mweusi zaidi, nyota hafifu zinajitokeza.

Ukiwa dukani, fanya hivi kabla hujatoa hela. Ishike darubini kwa mkono ulionyooka, ielekeze mlangoni kwenye mwanga wa mchana, siyo kwenye jua, jua hapana kabisa, linapofua macho. Tazama vile viduara viwili vya mwanga kwenye lenzi za nyuma. Vikiwa mviringo safi, prizma za ndani, yaani vile vipande vya kioo vinavyogeuza mwanga, ni nzuri. Ukiona kingo zimekatwa, zina kivuli cha kijivu kama pembe za mraba, hapo kuna mwanga unapotea ndani. Hii ya kwangu, sogeza kamera tuone... mnaona? Mviringo mzima. Halafu geuza mbele. Lenzi inayong'aa nyekundu kama rubi iache dukani hata kama inavutia macho, kwa sababu ule wekundu ni mwanga uliorudishwa nje badala ya kuingia. Tafuta mng'ao wa kijani au zambarau uliofifia. Na zile zinazoandikwa 90x80, jamani, msinunue. Mkono wa binadamu hauwezi kutuliza ukuzaji wa namna hiyo.

Sasa twende kazini. Kundi hili liliwekwa ramanini na Mfaransa, Nicolas-Louis de Lacaille, aliyefika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751 kupima nyota za kusini. Alipima nafasi za nyota karibu 10,000, na kwenye nafasi zilizokuwa wazi akachora makundi mapya 14, mengi yakiwa vifaa vya sanaa na sayansi. Hili alilichora kama karakana: kichwa kilichochongwa kikiwa juu ya meza, pamoja na nyundo na patasi. Ukipita Mwenge kwa wachonga vinyago utaiona picha hiyo hiyo barazani. Kinachonigusa zaidi ni kifaa alichotumia. Lenzi yake ilikuwa na upana wa nusu inchi, kama milimita 13, na ilikuza mara 8 tu. Piga hesabu: lenzi moja ya darubini hii inakusanya mwanga karibu mara 15 ya ile yake. Kwa hiyo mtu asikwambie huwezi kuona kitu mpaka uwe na mtambo wa gharama.

Muda mzuri ni Oktoba hadi mwanzoni mwa Desemba. Mwishoni mwa Oktoba Mchongaji yuko juu kabisa kuelekea saa tano usiku, katikati ya Novemba ni saa tatu na nusu. Ndiyo, ni kipindi cha vuli, mawingu yapo. Lakini mvua ikishanyesha ikakatika, vumbi limeoshwa, na hizo ndizo saa za kukimbilia nje. Chagua usiku usio na mwezi, vuka kwenda Kigamboni, ikiwezekana ufike mpaka Kimbiji, ili mwanga wa jiji ubaki nyuma yako ukitazama kusini. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa nao wanakuwa baharini na taa zao, basi tafuta mti au ukuta ukukinge upande huo. Nenda na mwenzako, usikae ufukweni peke yako.

Tandika mkeka, lala chali, miguu ielekee kusini. Kulala chali kuna sababu: Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na sehemu tunayoitafuta inapanda hadi nyuzi 71 hivi, yaani karibu na utosi. Mtu wa London anaipata nyuzi 13 tu, imezama kwenye ukungu wa upeo. Sisi tumepewa bure. Yape macho nusu saa bila kugusa simu. Tochi ifunge kitambaa chekundu.

Mkono wa kulia, kusini-magharibi, kuna nyota moja angavu iliyojitenga. Hiyo ni Fomalhaut. Chini zaidi, kushoto, kuna Achernar, iliyo angavu kuipita, zisikuchanganye. Kisha tafuta Diphda, nyota ya daraja la 2 yenye rangi ya chungwa iliyopauka, karibu kabisa juu yako. Eneo lile tupu mashariki mwa Fomalhaut na kusini mwa Diphda ndilo la Mchongaji.

Mgongoni mwa darubini hii imeandikwa 114m/1000m, maana yake duara unaloliona lina nyuzi 6.5. Iweke Diphda kwenye ukingo wa juu, halafu shuka taratibu kusini mpaka itoke. Kwenye nyuzi 7 na kidogo chini yake kuna mchirizi wa ukungu, mrefu, umelala kwa mshazari. Usiukazie macho, tazama pembeni yake kidogo, utajitokeza. Hiyo ni galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota lililo mbali, na jina lake ni NGC 253; NGC ni orodha ya galaksi na vishada vya nyota. Caroline Herschel aliigundua Septemba 1783 akiwa anatafuta nyotamkia. Mwanga wake umesafiri kama miaka milioni 11 kufika kwenye mkeka wako! Chini kushoto, umbali usiofika nyuzi 2, kuna doa la duara hafifu zaidi, kishada cha nyota cha NGC 288, na ukiendelea upande huo huo unaifikia Alfa. Vyote vitatu vinaingia kwenye duara moja la darubini.

Na mahali penyewe pako wazi kwa sababu ncha ya kusini ya galaksi yetu iko hapo hapo, karibu na hicho kishada. Chukulia galaksi yetu ni chapati na sisi tumo ndani ya unga. Ukitazama kwa ubavu unakutana na nyota na vumbi tele, ukitazama juu kwa wima unatoka nje upesi. Kwa Mchongaji tunatazama nje, ndiyo maana nyota ni chache na galaksi za mbali zinaonekana.

Kasoro za darubini hii ninazo mbili. Ni nzito, karibu kilo moja, ukiishika muda mrefu nyota zinacheza. Egemeza viwiko kifuani, au fungua kile kifuniko kilicho mbele ya bawaba uifunge kwenye stendi ya kamera. Nyingine ni unyevu wa pwani, ambao huotesha kuvu ndani ya lenzi. Ukirudi usiifungie ikiwa na umande. Iache ikauke kwanza, kisha iweke kwenye mkoba pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Kama ndiyo mara ya kwanza unanunua, chukua hii kabla ya darubini yoyote ya miguu mitatu. Video ijayo nitaifunga kwenye stendi tuishukie NGC 55, galaksi nyingine ya Mchongaji iliyo kusini zaidi, tuone kama lenzi hizi zinaifikia.