Kabla hujauliza kamera, omba kuona trei ya laini

Mwezi uliopita nilipiga magoti vumbini, pembeni ya soko la Sabasaba, natafuta kitu kidogo kama ukucha. Ilikuwa siku ya kikao cha kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Mimi ndiye mhazini, na laini ya michango nilikuwa nimeichomoa ili nipate pa kuweka memori kadi. Mwenzangu akanipigia kwenye laini nyingine: "Dada, nimetuma tangu saa nne, mbona hujathibitisha?" Nikavua hereni, nikachokonoa trei, upepo wa Dodoma nao ukafanya yake. Kadi ikaruka. Mama muuza karanga aliacha meza yake, tukachambua mchanga ule kama tunaokota mawe kwenye mchele. Aliiona yeye. "Haka hapa mwanangu, kana pesa humu?" Hakana pesa mama, kana send-off ya mdogo wangu.

Simu yenyewe ilikuwa na wiki mbili tu mkononi. Jina lake nalihifadhi. Ile ya zamani, niliyokaa nayo miaka mitano hadi kioo kikagoma, ilikuwa na nafasi tatu: laini, laini, kadi. Sikuwahi kujua kwamba hilo ni jambo la kuuliza dukani. Nilifika Madukani nikauliza kamera, chaji na GB, nikalipa nikaondoka. Nyumbani Ipagala ndipo nikavuta trei nikakuta nafasi mbili, na ya pili ni ya kugombaniwa: ama laini ya pili, ama kadi. Uchague mwenyewe.

Sasa niambie, nani kati yetu ana laini moja? Moja ya watu wa nyumbani, nyingine ya biashara au kikundi. Huku bando nafuu, kule ndiko wateja wanakotuma pesa. Ukienda kijijini Mpunguzi au Hombolo unaangalia ipi inashika. Kuna mtu aliyekaa ofisini akaamua kwamba mwenye laini mbili hana picha za kutunza.

Baada ya kupiga kelele hizi, wasomaji wanne wameniuliza swali lilelile: Samsung Galaxy A05s au Galaxy A15, ipi? Na mimi nasema wazi, ni mtu wa Samsung, msinitafutie upatanisho. Zote zilitoka mwaka 2023. Ukizitandika mezani kifudifudi, kamera zimepangwa wima zote mbili, utazichanganya. Betri ya zote ni 5000 mAh, zinapokea chaji ya wati 25, kamera kubwa ya nyuma ni megapikseli 50, na tundu la earphone lipo. Kwa hiyo hayo yote muuzaji atakayokusomea kwa mbwembwe hayakusaidii kuchagua.

Namba moja kwangu ni A05s, kwa sababu moja ambayo mnaijua tayari: trei yake ina nafasi tatu. Laini mbili zinakaa, kadi inakaa, hereni zinabaki masikioni. Ina chipu ya Snapdragon 680 na kioo kikubwa cha inchi 6.7, kinasomeka vizuri ukiwa kivulini. Juani ndipo inapokuudhi. Saa saba mchana pale Nyerere Square nilishika ya shemeji yangu nikataka kusoma tokeni ya umeme wa LUKU, zile tarakimu 20, ikabidi nijifunike khanga kichwani kama mtu anayejifukiza. Bado naichagua. Khanga ninayo kila siku.

A15 ni namba mbili, na inaniuma kuiweka hapo. Kioo chake ni cha AMOLED, aina yenye rangi kali, inchi 6.5, mwanga unafika niti 800 (niti ni kipimo cha mwangaza), juani unasoma ujumbe bila kukunja uso. Chipu ya Helio G99 iliyomo ina kasi kuliko Snapdragon ya mwenzake, na Samsung wameiahidi matoleo mapya manne ya Android na miaka mitano ya masasisho ya usalama. Ni simu bora, nakubali. Lakini trei ni ya kugombania! Ukiitaka, nunua ile ya GB 256 usihitaji kadi kabisa. Ukichukua ya 128 huku una laini mbili na watoto wanaorekodi kila kitu, tutakutana Sabasaba. Kama una laini moja tu na kazi yako ni ofisini kule mji wa serikali, Mtumba, basi geuza orodha yangu, A15 iwe juu.

Msikimbilie Galaxy A16, iliyoifuata A15, mkidhani wamerekebisha. Wameipa kinga ya vumbi na matone ya maji, IP54, jambo jema kwa mji wenye upepo huu, ila trei ni ileile na tundu la earphone wameliondoa.

Za bei ya chini: Tecno Spark 20 na Infinix Hot 40i zina nafasi tatu. Basi.

Sasa wauzaji. Nilizunguka maduka sita kwa siku moja, nikauliza kila duka niruhusiwe kuvuta trei ya simu ya maonyesho. Wawili tu ndio waliokuwa na kile kipini cha kuchomolea trei. Mmoja akaniambia, "Mama, zote zinaingia laini mbili, usijali," na kweli hakudanganya, ila hakujibu nilichouliza. Simu ileile, GB zilezile, bei imepishana karibu laki moja kutoka duka hadi duka la barabara inayofuata. Ukihoji unaambiwa usafiri kutoka Kariakoo. Usafiri gani? Treni ya umeme imeanza 2024, abiria anapanda Dar asubuhi na mchana yuko Dodoma anakula. Simu ya gramu mia mbili ndiyo inalipiwa laki? Halafu Bunge la bajeti likianza, Aprili, hata kava linapanda.

Boksi la hizi Samsung utalipata na waya bila kichwa cha chaja, hilo si wizi wa muuzaji, ndivyo zinavyotoka. Wizi unaanza akikuuzia "original" ya elfu nane. Piga *#06#, tuma namba ya IMEI kwenda 15090 ukiwa bado umesimama kaunta. Tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wazime simu feki Juni 2016 hakuna sababu ya kwenda kugundulia nyumbani. Na dai risiti ya EFD, hata akinuna.

Yangu nilirudisha dukani siku ya tatu baada ya ile ya Sabasaba, haijapata hata mkwaruzo. Kijana akaigeuza, akaniangalia: "Dada, ikishawashwa ni ya mtumba." Nikamwomba basi hata kile kipini cha trei, maana kwenye boksi langu hakikuwemo. Akaniuzia elfu moja.