Tahadhari kwa mafundi wa Kigoma: meza ya kukunja unayoonyeshwa siyo iliyomo ndani ya boksi

Ndugu mafundi seremala na wote mnaofanya kazi za mbao Mwanga, Ujiji na maeneo ya jirani, yupo muuzaji anayezunguka kwenye karakana na kujitangaza katika makundi ya WhatsApp, akiuza meza za kazi za kukunja, zile ambazo mbao zake mbili za juu hukazwa kwa skrubu ili kubana kazi. Bei yake ni shilingi 180,000, ambayo si kubwa wala si ndogo kiasi cha kumtia mtu wasiwasi. Duka hana.

Meza ya maonyesho huishusha kwenye bajaji ikiwa tayari imefunguliwa, na kwa haki ni meza nzuri: miguu imetulia, nati zake ni za chuma, na humruhusu fundi yeyote abane kipande cha mninga na kukikata kwa msumeno mbele ya watu. Ukiridhika, hukuletea boksi lililozungushiwa selotepu, hutaka fedha ziingie kwenye namba yake ya simu kabla halijakatwa, na hutamka mapema, mbele ya mashahidi, kwamba boksi likishafunguliwa halirudi. Risiti hatoi, hata ya kuandika kwa mkono.

Boksi moja limefunguliwa karakanani kwetu. Mbao za juu zilikuwa za unga wa mbao ulioshindiliwa, zimepakwa rangi ya maji ya kunde ili zifanane na plaiwudi, na kwa masika ya huku kwetu ubao wa namna hiyo ukinyeshewa mara moja huvimba kingo na hauwi tena bapa. Nati zilikuwa za plastiki laini inayoingia ukucha. Kibaya zaidi ni kilimi cha kufungia miguu, ambacho kimekatwa kwenye bati jepesi na hakiifikii pini yake sawasawa. Ukiegemea randa kwa nguvu, kinachomoka na meza inajikunja huku mikono yako iko juu yake.

Mteja akilalamika, jibu ni lile lile: hukujua kuifunga, umekaza kupita kiasi. Wengi hunyamaza hapo, kwa kuwa meza hizi bado ni ngeni kwetu na mtu haoni aibu ndogo kuambiwa mbele ya wanafunzi wake kwamba hajui chombo chake. Kwa hiyo ni vyema ijulikane jinsi inavyofungwa. Meza husimamishwa mahali tambarare (jambo la kuzingatia kwa mji wenye vilima kama wetu), fremu ya juu huvutwa mpaka kilimi kinase kwa mlio unaosikika, kisha hutikiswa kwa mikono miwili kabla ya kuwekewa kitu chochote. Mikono ya kuzungushia huzungushwa yote miwili kwa pamoja ili taya, yaani zile mbao mbili za juu, zibaki sambamba; mmoja hutangulizwa kwa makusudi pale tu kazi inapokuwa nyembamba upande mmoja. Hukazwa kwa nguvu ya mkono, bila kuongezewa bomba. Ubao mpana kuliko taya hushikwa na pini za plastiki zinazochomekwa kwenye matundu ya juu, na wakati wa kukata unakanyaga kipandio cha chini ili uzito wako uizuie meza isisogee.

Sasa, kipimo kinachomnyima muuzaji huyu la kusema ni hiki. Funga taya zikutane, kisha zungusha kila mkono mizunguko 10 kamili ya kufungua na upime uwazi kwa futi ya chuma kulia na kushoto. Kwenye meza nzima vipimo hivyo viwili hulingana. Kwenye ile ya boksi taya zilikaa mshazari, kwa sababu meno ya skrubu ya kulia hayakufanana na ya kushoto, na kasoro hiyo haiwezi kuletwa na mkazaji. Baada ya hapo bana kipande cha mbao ngumu na ukiinue: meza inapaswa kuinuka nacho.

Msihukumu kwa jina lililoandikwa kwenye stika. Meza ya aina hii ilibuniwa na Ron Hickman, mzaliwa wa Afrika Kusini, na ilienea duniani miaka ya 1970 kupitia kampuni ya zana ya Black & Decker; haki za ubunifu wake zilikwisha muda zamani, na leo viwanda vingi huitengeneza kihalali, vingine vizuri sana. Ninachokipinga ni kuonyesha moja na kukabidhi nyingine.

Aliyekwisha kuuziwa asitupe boksi wala kufuta ujumbe wa malipo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa sampuli ilingane na sampuli hiyo, kwa hiyo kauli ya "halirudi" haimlindi muuzaji kama anavyodhani. Malalamiko yapelekwe kwa afisa biashara wa manispaa na kwa Tume ya Ushindani, yakiambatana na picha za nati, kilimi na futi ikiwa juu ya taya.

Tunasikia amebadilisha namba na sasa anaelekea Kasulu. Mafundi wa huko, mwambieni alifungue boksi mwenyewe, na fedha zibaki kwenye simu zenu mpaka mizunguko 10 iishe.