West Side Story kwa ala tano za shaba: mpangilio mzuri usioacha nafasi ya kupumua

Kundi letu, lenye matarumbeta mawili, honi ya Kifaransa, tromboni na tuba, limeufanyia mazoezi mpangilio huu, yaani muziki ulioandikwa upya kwa ala zetu, kwa miezi miwili na kuupiga mbele ya wasikilizaji mara mbili. Ni nyimbo nne kutoka West Side Story, tamthilia ya muziki ya Leonard Bernstein iliyofunguliwa Broadway mwaka 1957, zilizounganishwa kuwa kipande kimoja cha dakika 11 hivi. Wachapishaji sitawataja, kwa kuwa nina manung'uniko.

Nianze na palipofana. Jukwaani, muda mfupi kabla ya pambano la magenge, "Tonight" huimbwa na pande tano kwa pamoja: magenge mawili ya Jets na Sharks, Anita, na wapenzi Tony na Maria, kila upande ukiungoja usiku huo kwa sababu yake. Pande tano na ala tano. Mtu angedhani kazi imejipanga yenyewe. Lakini jukwaani msikilizaji huzitenganisha sauti kwa maneno na kwa nyuso za waimbaji, ilhali ala za shaba zimetoka tumbo moja, na zikilia kwa pamoja ni rahisi kuwa mvumo mmoja usiochambulika. Aliyeupanga muziki huu ameyapa magenge tarumbeta la pili lililotiwa kizibo cha kufifisha sauti, pamoja na tuba, wote wakipiga noti fupi zilizokatwa. Tony ni tromboni ikiimba juu, Anita ni honi, na Maria ni tarumbeta la kwanza, linaloingia mwishoni bila kizibo. Mara ya kwanza tulipofika pale wote wanapokutana, mpiga tuba wetu aliacha kupiga akabaki kusikiliza, ikatubidi turudie.

"Maria" haikuharibiwa, nalo si jambo dogo, kwani wimbo wote umesimama juu ya do, fi, so. Hiyo fi, ambayo ni fa iliyopandishwa nusu hatua, amepewa honi, naye huishikilia kidogo kabla ya kutua kwenye so.

"America" ndiyo iliyotutoa jasho. Hesabu yake hubadilika kila kipimo, yaani kila fungu la mapigo, kutoka 6/8 hadi 3/4 na kurudi, yaani noti sita zilezile hugawanywa tatu-tatu, kisha mbili-mbili-mbili. Mzigo wote wa mgawanyo huo umetwishwa tuba, ala inayokula pumzi nyingi, na kwenye ukurasa wa tatu nilihesabu vipimo 26 mfululizo visivyo na hata nukta moja ya kupumzika. Tuliamua vipimo vya 3/4 vichukuliwe na tromboni, ambayo hapo haikuwa na kazi ya maana, na mwendo wa wimbo ukasikika wazi zaidi kuliko ulivyoandikwa.

Kosa kubwa hata hivyo liko kwa tarumbeta la kwanza. Midomo ni misuli, na misuli huchoka. Mpiga fidla anaweza kuongoza wimbo kwa saa nzima, lakini mpiga tarumbeta akiachiwa wimbo kwa dakika nane bila kuupokeza, noti za juu humponyoka hata awe hodari namna gani. Hapa anaongoza karibu muda wote, halafu anatakiwa kuifungua "Somewhere" polepole, kwa sauti ya chini, kwa mruko mpana wa kutoka so hadi fa ya juu. Katika onyesho letu la kwanza fa hiyo ilipasuka, na mwenzetu huyo si mwanagenzi. Wakati huohuo tarumbeta la pili lilikuwa limekaa kimya mstari mzima.

Kuna pia noti moja ya tarumbeta la pili isiyolingana na kitabu cha kiongozi, chenye noti za ala zote, na mahali pa kufungua ukurasa katikati ya mbio za "America".

Kutengeneza mpangilio wetu wenyewe lilikuwa wazo la kwanza, lakini muziki huu bado una hakimiliki na ruhusa ya wenyewe ni lazima, kwa hiyo toleo lililokwisha kuruhusiwa lilituokolea barua nyingi. Anayelinunua awe na wapiga tarumbeta wawili wanaolingana, na penseli. Katika onyesho la pili matarumbeta yalipokezana "America", mruko wa "Somewhere" tukampa honi, na tarumbeta la kwanza likaingia baada ya vipimo vinane, midomo ikiwa imepoa.