Uzoefu wangu: Mbuzi choma ya Jumapili ukiwa na watoto wawili wadogo

Sehemu yenyewe iko Sinza, Dar es Salaam. Jina siliweki kwa sababu hali ni ileile karibu kila penye nyama choma jijini: bucha mbele, jiko la mkaa pembeni, viti vya plastiki chini ya banda, bembea mbili nyuma. Kwa nyama naipa nyota tano. Kwa familia yenye watoto wa mwaka mmoja na nusu na miaka minne naipa tatu na nusu, na nyota zilizopungua zinahusu zaidi muda na panga kuliko upishi.

Nianze na muda. Mbuzi wa kilo moja na nusu anataka dakika 45 hadi saa nzima juu ya mkaa, na Jumapili kuanzia saa nane mchana oda zikirundikana ongeza nusu saa nyingine. Mtoto wa miaka minne mwenye njaa havumilii hata robo saa. Kinachofuata kila mzazi anakijua: anapewa soda na sahani ya chipsi ili atulie, na nyama inapofika tumbo limeshajaa. Hapa dawa ni simu. Piga saa tano na nusu, fika saa sita na robo, kabla watu wa kanisani hawajajaa. Ukipiga, usimalizane na mhudumu wa meza tu. Omba kuzungumza na mchomaji mwenyewe, maana ndiye anayejua nini kiko jikoni na nani yuko mbele yako. Wengine watataka utangulize nusu ya hela kwa lipa namba. Ni haki yao, nyama ikishakatwa hairudi buchani.

Halafu taja kiungo. Ukisema "mbuzi kilo moja na nusu" ukaishia hapo, utapewa mchanganyiko wenye mbavu nyingi, nao unakatwakatwa kwa panga juu ya gogo. Panga linapovunja mfupa huacha vipande vyembamba vyenye ncha vilivyojificha ndani ya nyama. Mtu mzima huvihisi kwa ulimi na kuvitema, ila mtoto wa mwaka na nusu humeza. Mimi naagiza mguu, uchomwe mzima, kisha nyama itolewe mfupani kwa kisu. Hata hivyo kila kipande cha mdogo nakipitisha vidoleni kwanza, nakichana kukata nyuzi zake, kisha ndiyo anapewa. Kumbuka kilo inapimwa ikiwa mbichi na mfupa wake, na moto hupunguza karibu theluthi. Kwa watu wazima wawili na watoto hawa wawili, kilo moja na nusu na ndizi za kuchoma nne inatosha, na kidogo hubaki.

Jambo ambalo wahudumu hawakuambii usipouliza ni supu. Supu ya mbuzi iko sufuriani tangu asubuhi, inafika mezani ndani ya dakika tano, na nyama yake imelainika kiasi cha kuchambuka kwa kijiko. Kwa asiyekuwa na magego, hii ndiyo nyama yake. Ile ya kuchoma ni ngumu kwake hata ikiwa nzuri vipi. Agiza bakuli moja bila pilipili, toa nyama, iponde na ndizi ya kuchoma au ugali laini. Mchuzi mpe vijiko viwili vitatu tu, kwa kuwa chumvi yake imepimwa kwa midomo ya watu wazima.

Pilipili nayo ina njia zake. Kusema "bila pilipili" hakutoshi, kwa sababu ubao uliokatia pilipili ndio utakaokatia nyama yako, na kachumbari humwagwa juu ya sinia moja. Mwambie mchomaji hivi: sinia la watoto lije peke yake, likatiwe kwanza kabla ya la wakubwa, na kipande chao kitolewe kabla ya kupakwa maji ya chumvi na ndimu. Hapa walinielewa mara moja. Kingine ni vijiti vya meno: nyama huletwa imechomekwa vijiti vya kuokotea. Vitoe vyote sinia likitua, uvihesabu, na mishikaki ivue kwenye miti yake kabla haijagusa sahani ya mtoto.

Viti vya watoto hakuna. Kiti kimoja cha plastiki humwacha mtoto wa miaka miwili kidevu kikigusa meza. Pachika vitatu, na viweke kwenye sakafu ya saruji, si juu ya kokoto ambako mguu mmoja huzama na rundo zima huinama. Chagua meza iliyo upande unakotokea upepo ili moshi uende kwingine, na iwe mbali na geti, kwani bodaboda huingia hadi ndani kuchukua oda. Maji ya kunawa yanaletwa na jagi na beseni, ya uvuguvugu, vizuri kabisa. Sabuni njoo nayo.

Wauzaji wanaopita mezani ni wengi. Yai la kuchemsha ni msaada mkubwa nyama ikichelewa, ila limenywe mbele yako na usikubali lipasuliwe kwa kisu cha kachumbari. Karanga kataa. Mtoto wa chini ya miaka mitano hatafuni karanga nzima sawasawa, na akicheka nayo mdomoni inaingia njia ya hewa. Soda omba iletwe pamoja na nyama. Kabla ya hapo maji tu, ya chupa ambayo umeifungua wewe.

Kuku wa kienyeji sipendekezi hapa kwa mchana wa watoto. Anachelewa kuliko mbuzi, na wakiharakisha, nje anakuwa mweusi huku karibu na mfupa bado pekundu. Mkimpata hivyo arudishwe jikoni, wala usione haya.

Nyama iliyobaki ifungwe foili mara tu watoto wanapoacha kula. Kwa joto la Dar isikae mezani zaidi ya saa moja ikisubiri mazungumzo ya wakubwa. Nyumbani iingie kwenye friji, na kesho yake naichambua, naipika upya na nyanya hadi itoe mvuke kotekote, inakuwa mboga ya wali ya watoto.